Unafuata tagi lakini humpati mjuzi: matatizo ya tovuti za alamisho na namna ya kuyatatua

Kwenye tovuti ya alamisho mtu huhifadhi viungo vyake hadharani, kila kimoja kikiwa na maneno machache aliyoyachagua mwenyewe, yaani tagi. Pinboard, Diigo, BibSonomy na Hatena Bookmark ya Japani zote zinaendesha kazi kwa mtindo huo, ambao Delicious ndiyo iliyoueneza kuanzia 2003. Faida yake kubwa iko kwa watu: ukimpata mtu mmoja anayeijua kweli kazi unayoishughulikia, atakuchujia mambo kwa miaka bila hata kujua kwamba upo. Shida ni kumpata, na kubaki naye ukishampata.

Mfano utakaotumika hapa ni uchoraji ramani kwa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kazi inayofahamika Dar es Salaam tangu mradi wa Ramani Huria ulipoanza 2015 kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Ukishazoea hatua hizi, badilisha mada: ufugaji nyuki, sheria za ardhi, umeme wa jua, njia haibadiliki.

Jifunze kwanza anwani nne, kwa sababu sehemu kubwa ya utatuzi hufanyika kwa kuandika anwani kwa mkono badala ya kubofya. Kwenye Pinboard, `pinboard.in/t:osm` ni kila kilichohifadhiwa hadharani chini ya tagi hiyo, `pinboard.in/u:jina` ni alamisho za mtu mmoja; `pinboard.in/u:jina/t:osm` ni za mtu huyo kwa tagi hiyo peke yake, na `feeds.pinboard.in/rss/u:jina/t:osm/` ni mlisho wa RSS wa hizo hizo, yaani anwani ambayo programu ya kusomea milisho huifuatilia ili ikuletee kila kipya. BibSonomy inafuata mpangilio unaofanana: `bibsonomy.org/tag/openstreetmap` na `bibsonomy.org/user/jina/openstreetmap`. Kufungua akaunti Pinboard kunalipiwa, lakini kurasa za hadharani na milisho yake husomwa bure.

Ukurasa wa tagi umejaa vitu, lakini hakuna cha kitaalamu

Chanzo karibu kila mara ni tagi pana mno. Tagi `maps` inatumiwa na yeyote aliyependa picha ya ramani ya zamani. Mtu anayechora ramani kila siku haiandiki, maana kwake karibu kila kiungo kinahusu ramani, kwa hiyo neno hilo halimsaidii kutenganisha chochote. Yeye anaandika jina la chombo alichokishika: `josm` kwa programu ya kuhariria, `overpass` kwa huduma ya kuulizia data, `osm2pgsql` kwa chombo cha kupakia data kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Shuka ngazi hadi kwenye majina ambayo mtu wa nje hana sababu ya kuyajua. Ukiwa mgeni na hujui hata majina hayo, usiyabahatishe. Geuza utafutaji: anza na kiungo, tagi itakuja yenyewe.

1. Chagua viungo vitano hadi kumi vya mbegu. Viwe vizuri, na viwe vyembamba. Ukurasa wa mbele wa openstreetmap.org haufai, kila mtu ameuhifadhi. Ukurasa wa wiki ya OpenStreetMap unaoeleza lugha ya Overpass QL unafaa, kwa sababu anayeuhifadhi ni yule anayeandika maulizo hayo au anayejiandaa kuyaandika.

2. Kwenye Pinboard, bofya idadi ya waliohifadhi iliyo pembeni ya kiungo. Inafunguka orodha ya wote waliokihifadhi hadharani pamoja na tagi zao.

3. Fungua jedwali lenye safu nne: jina la mtumiaji, kiungo, tarehe, tagi. Jaza kwa kila mbegu. Inachosha kidogo, lakini ndiyo hatua yenye mavuno makubwa kuliko zote, na haifai kurukwa.

4. Panga jedwali kwa jina. Anayejitokeza kwenye mbegu tatu au zaidi ni mtu wa kuchunguzwa.

5. Sasa soma safu ya tagi. Humo ndimo yalimo maneno ambayo watu wa kazi hiyo wanayatumia, nayo ndiyo unayoyapeleka kwenye utafutaji wa mzunguko wa pili.

Kuhusu safu hiyo ya tagi, utafiti wa Golder na Huberman uliochapishwa 2006, uliotumia data ya Delicious, ulionyesha kwamba baada ya kiungo kuhifadhiwa mara 100 hivi, uwiano wa tagi zake hutulia. Wanaokuja baadaye hawaubadilishi sana. Kwa kiungo maarufu, basi, tagi zinazoongoza zinakuonyesha lugha ya umma. Kwa kiungo chembamba chenye watu kumi au ishirini hakuna wastani wa kutegemea: soma tagi za kila mtu moja moja. Mara nyingi tagi yenye thamani iko kwa mtu mmoja tu.

Tagi ni yenyewe, ila matokeo ni matatu tu

Watu wapo, wamejificha nyuma ya tahajia. Pinboard hutenganisha tagi kwa nafasi, kwa hiyo maneno mawili hayawezi kukaa ndani ya tagi moja bila kuunganishwa, na kila mtu huunganisha apendavyo: `openstreetmap`, `open-street-map`, `open_street_map`. Diigo inaruhusu tagi ya maneno kadhaa ukiiweka ndani ya alama za kunukuu. Mtu akisahau alama hizo, anabaki na tagi tatu, `open`, `street` na `map`, na hakuna hata moja kati ya hizo utakayoitafuta. Mabaki ya namna hii ni mengi hasa kwa watu waliohamisha alamisho zao kutoka tovuti moja kwenda nyingine.

Jaribu kwa mpangilio huu: yaliyounganishwa bila alama, kistariubainishi, mstari wa chini, umoja na wingi, kifupisho, halafu lugha nyingine. Ujerumani ina wachoraji wengi sana wa OpenStreetMap, na baadhi yao huandika `karte` au `karten`. Jaribu `ramani` pia. Haichukui hata nusu dakika. Kwenye Hatena andika kwa herufi za Kijapani, vinginevyo utakosa sehemu kubwa ya yaliyomo.

Alama maalumu ni mtego wa peke yake. Ukiandika tagi yenye `#` moja kwa moja kwenye anwani, kivinjari hukichukua kinachofuata kama jina la sehemu ya ukurasa na hakikipeleki kwa seva kabisa. Weka `%23` badala yake. Alama ya `+` huandikwa `%2B`, na mkwaju `/` huandikwa `%2F`. Mkwaju una historia yake: Delicious ilipozinduliwa upya 2011 chini ya wamiliki wapya, jamii kubwa ya mashabiki wa hadithi za kubuni, waliokuwa wamejenga mfumo mzima wa tagi zenye mkwaju kati ya majina ya wahusika, walikuta hawawezi tena kuzitafuta. Wengi walihamia Pinboard. Hadi leo hao ni miongoni mwa watunza tagi makini kuliko wote, na yeyote anayetaka kuona jinsi kundi linavyoweza kukubaliana juu ya tagi aziangalie zao.

Iwapo bado hupati, kuna sababu mbili ambazo tahajia haiziponyi. Kwenye Pinboard, tagi inayoanza na nukta ni ya faragha. Mwenyewe anaiona, wewe huioni. Na wapo wajuzi wasioweka tagi kabisa. Hao hupatikana kwa njia ya viungo vya mbegu peke yake.

Tagi moja inaleta mambo mawili yasiyohusiana

`overpass` ni huduma ya kuulizia data ya ramani, na pia ni jina la aina ya herufi iliyodhaminiwa na kampuni ya Red Hat. Wabunifu wa kurasa na wachora ramani wanakutana kwenye ukurasa mmoja bila kujuana. Usipoteze muda kuchambua kiungo kimoja kimoja. Bofya jina la mtu, tazama tagi zake nyingine: akiwa na `fonts` na `typography`, mwache, akiwa na `josm` au `gis` (mifumo ya taarifa za kijiografia), mweke kwenye jedwali. BibSonomy inakuruhusu kuunganisha tagi kwa kuziweka pamoja kwenye anwani, `tag/overpass+osm`, ikuletee vyenye zote mbili.

Mtu ana alamisho maelfu, lakini hakuna unachojifunza kwake

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wingi unavutia macho. Anayehifadhi sana anaweza kuwa mjuzi, anaweza kuwa mkusanyaji wa kila kitu, anaweza kuwa programu inayohifadhi yenyewe, au mtumaji taka. Tatizo la taka si dogo. Data ya BibSonomy iliyotolewa kwa shindano la kisayansi la ECML PKDD mwaka 2008 ilikuwa na watumiaji halisi 2,400 na kidogo, na watumaji taka zaidi ya 29,000 waliotambuliwa na binadamu. Ukipanga watu kwa idadi ya alamisho tu, unawapandisha hao hao.

Kipimo bora zaidi kilielezwa 2009 na watafiti waliobuni kanuni iitwayo SPEAR. Ina nguzo mbili. Ya kwanza: mjuzi ni yule anayehifadhi viungo bora, na kiungo bora ni kile kilichohifadhiwa na wajuzi, hivyo alama zinapeana nguvu huku na huku. Ya pili, ambayo ndiyo yenye makali: aliyekihifadhi mapema anapewa sifa zaidi ya waliokuja nyuma yake. Aliyetangulia alikiona thamani yake bila kuambiwa na mtu. Mtumaji taka hawezi kuiga hilo kwa urahisi, kwa kuwa anaweza kunakili viungo maarufu vya leo, lakini hawezi kurudi nyuma na kuwa wa kwanza.

Huhitaji kompyuta kubwa kulitumia wazo hili. Chukua mtu unayemshuku kuwa mjuzi, chagua viungo vyake vitano ambavyo sasa vimehifadhiwa na watu wengi, na kwa kila kimoja angalia alikuwa wa ngapi kwenye foleni. Akiwa kwenye robo ya kwanza kwa vitatu au vinne, mfuate. Akiwa kila mara mkiani, anasoma kurasa za vitu maarufu kama wewe; nenda kwenye chanzo chake badala yake.

Kisha pima uzito wa mada ndani ya akaunti yake. Mwenye alamisho 9,000 ambazo 40 tu zina tagi za ramani ni mpita njia. Mwenye 600 ambazo 250 ni `osm`, `josm` na `osm2pgsql` anaishi humo. Tazama pia kama tagi zake zinagawanyika kadiri mada inavyokuwa ya ndani: anayetofautisha kuhariri, kupakia na kuulizia data ameifanya kazi hiyo kwa mikono. Na soma maelezo aliyoyaandika chini ya viungo. Mstari mmoja unaosema chombo fulani kinakwama kwenye faili kubwa, au kwamba mwongozo huu umepitwa na wakati, una uzito kuliko viungo mia visivyo na neno. Viungo vyenye tagi ya `toread` usivihesabu. Kwa kauli yake mwenyewe, bado hajavisoma.

Dalili za programu: vipindi vinavyolingana kati ya alamisho na alamisho, usiku na mchana, tagi zile zile kwa kila kiungo, vichwa vilivyonakiliwa bila kuguswa. Dalili za mtumaji taka: viungo vingi kuelekea kikoa kimoja au viwili, na tagi kumi au ishirini zisizohusiana zilizorundikwa kwenye kiungo kimoja ili kionekane kila mahali. Programu si lazima iwe mbaya, wapo watu wanaounganisha akaunti zao ili kila wanachokipenda kwingine kijihifadhi, ila usiipe nafasi ya mjuzi.

Tarehe zinakupotosha

Kipimo cha kutangulia kinategemea tarehe, na tarehe huharibika wakati wa kuhamisha. Pinboard ilianza 2009, kwa hiyo alamisho yake yenye tarehe ya 2006 imeletwa kutoka kwingine. Hiyo haina shida, tarehe ya awali imehifadhiwa na unaweza kuitegemea. Shida ni mtu mwenye mamia ya alamisho za dakika moja. Huyo alihamisha faili lisilo na tarehe, na zote zikapewa saa ya kuhamia. Ruka kipindi hicho, mpime kwa alizohifadhi baadaye.

Kiungo ni kizuri, lakini inaonekana hakuna aliyekihifadhi

Anwani imegawanyika. Kwa tovuti ya alamisho, tofauti ya herufi moja yaweza kuwa kiungo kingine kabisa chenye orodha yake ya watu. Kabla hujakata tamaa, jaribu:

- `http` na `https`. Kurasa za zamani zilihifadhiwa kwa `http`, na wajuzi waliotangulia wako huko.
- Yenye `www` na isiyo nayo; yenye mkwaju mwishoni na isiyo nao.
- Iliyokatwa kila kitu kuanzia `?utm_`. Vipande hivyo ni vya kufuatilia mibofyo, havibadilishi ukurasa.
- Iliyokatwa kuanzia `#`. Kurasa ndefu za wiki huhifadhiwa kwa sehemu sehemu.
- Anwani ya simu, kwa kawaida yenye `m.` mbele.
- Kwa makala za arXiv, hifadhi ya makala za kisayansi: ukurasa wa `abs` (muhtasari), faili la `pdf`, na matoleo yenye `v1` au `v2` mwishoni.

Kusanya majina kutoka orodha zote uziweke pamoja kwenye jedwali. Mara nyingi watu waliotawanyika kwenye anwani nne ndio wanaotimiza ile hesabu ya mbegu tatu.

Umemfuata mjuzi, sasa unazama kwenye mambo yake mengine

Mchora ramani naye hupika, hununua baiskeli, husoma siasa za nchi yake. Ukimfuata kwa kitufe cha tovuti unapokea yote. Tiba ni kufuata makutano ya mtu na tagi: chukua `feeds.pinboard.in/rss/u:jina/t:josm/`, ubandike kwenye kisomaji milisho kama Feedly, Inoreader, FreshRSS au Miniflux. Chukua milisho miwili au mitatu ya tagi zake za ndani, usichukue ile pana. Watu sita hadi kumi waliochaguliwa hivi wanatosha kwa mada moja; wakizidi, viungo huanza kujirudia na unaacha kufungua. Kiungo kinachojirudia kutoka kwa wajuzi wawili au watatu ndani ya wiki moja, kisome kwanza.

Mlisho umenyamaza

Fuata mpangilio huu, kutoka kwa sababu ya kawaida kwenda kwa ya nadra. Fungua ukurasa wa mtu wenyewe kwenye kivinjari. Kama una alamisho mpya lakini si za tagi yako, amebadilisha tagi: soma alizotumia miezi ya karibuni, tengeneza mlisho mpya. Kama ukurasa upo lakini hauna kitu kipya, amepumzika au ameanza kuhifadhi kwa faragha. Heshimu hilo, usimsake kwingine kwa mambo ambayo hakuyaweka hadharani. Kama ukurasa unatoa 404 (haupo), amefuta akaunti au amebadilisha jina. Rudi kwenye kiungo chake cha zamani kisichohifadhiwa na wengi, utazame kama jina jipya limetokea kwenye orodha ile ile lenye tagi na tarehe zile zile.

Kama ukurasa unafanya kazi lakini kisomaji hakipokei, fungua anwani ya mlisho kwenye kivinjari. Ukiona 429, kisomaji kinagonga mlango mara nyingi mno. Punguza hadi mara moja kwa saa au mara mbili kwa siku. Ukiona 403, seva imekizuia kisomaji chako, jaribu kingine. Kumbuka pia kwamba mlisho hubeba vitu vya karibuni tu: kisomaji kikizimwa wiki kadhaa, vya katikati hutavipata humo, inabidi uvisome kwenye ukurasa wa mtu na tagi.

Tovuti yenyewe imefungwa

Hili hutokea. Ma.gnolia ilipoteza data ya watumiaji wake Januari 2009 na haikuinuka tena kama ilivyokuwa. Connotea, iliyokuwa ya wanasayansi, ilifungwa 2013. CiteULike ilifuata 2019. Delicious iliuzwa mara kadhaa kuanzia 2005 hadi ikanunuliwa na Pinboard 2017 na kugeuzwa ya kusoma tu. Tafuta anwani ya zamani ya mtu kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani. Kurasa nyingi za Delicious zilinakiliwa humo, na orodha ya tagi za mtu inatosha kukupa maneno ya kutafutia upya. Kisha jaribu jina lile lile la mtumiaji kwenye Pinboard na Diigo, ukilinganisha tagi kabla ya kuamini kwamba ni yeye.

Kinga yake ni rahisi. Kila baada ya miezi mitatu, toa orodha ya milisho yako kama faili la OPML kutoka kwenye kisomaji, toa alamisho zako mwenyewe kama HTML au JSON, na uyaweke mafaili hayo pamoja na lile jedwali la majina, viungo, tarehe na tagi, mahali ambapo si pa tovuti yoyote kati ya hizo.